Tupeane uzoefu: Waandishi wa Arusha na Moshi, kitabu chako kilitokaje?

Mwanzisha mada, Kijenge

Wakuu, habari za Jumapili. Kuna kijana wa huku kwetu kaniletea muswada wa riwaya, mzuri kwelikweli, pamoja na ankara ya mtu anayejiita mchapishaji. Anatakiwa alipe kwanza, pesa nyingi, ndipo kitabu "kitoke". Nikamwomba anionyeshe mkataba. Hana. Alichonacho ni namba ya kulipia tu. Jambo hili linaniuma, maana vipaji tunavyo ila vinaishia kwenye maboksi chini ya kitanda.

Nianze mimi. Riwaya yangu ilichukuliwa na mchapishaji wa Dar na sikutoa hata shilingi. Uhariri, jalada na uchapaji vyote aligharamia yeye, mimi nikapewa mrabaha (fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa) wa asilimia 10. Anayekudai pesa za kuchapa ni mpiga chapa. Naye ana kazi yake halali, ila basi vitabu vyote ni vyako, bei unapanga mwenyewe, na hakuna mrabaha wa kukatwa hapo. Mtu akichukua pesa yako na haki zako kwa pamoja, kimbia.

Kwenye mkataba kuna mstari nilioukalia kikao kizima: asilimia 10 ya nini? Kitabu kikiuzwa Sh 10,000 na mrabaha ukahesabiwa kwenye bei ya jalada, unapata 1,000. Ukihesabiwa kwenye kinachobaki baada ya duka kuchukua asilimia 30 yake, unapata 700. Kwa nakala elfu moja hiyo ni tofauti ya laki tatu. Angalieni pia haki zinarudi lini kwako kitabu kikiisha sokoni na wao wasikichape tena.

Karibuni, kila mtu na lake.

Mwalimu wa Kibosho

Shikamooni wakubwa. Mimi nasimama kwenye uhariri. Muswada wangu wa hadithi za watoto ulisomwa na walimu wenzangu, wote wakasifia. Mhariri akaurudisha umejaa wino mwekundu: bibi anayekufa sura ya pili anapika ndizi sura ya tano, na mto unaovukwa kwa miguu asubuhi unahitaji daraja jioni bila mvua kunyesha. Ndugu na marafiki wanakusoma kwa mapenzi. Tafuteni mtu anayelipwa kwa kutilia shaka kila sentensi, hata kama itabidi uuze mbuzi.

Anayelenga shule asome mtaala wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) kabla hajaandika, kisha aulize mapema utaratibu wa ithibati, yaani idhini ya kitabu kutumika shuleni. Shuleni kwetu swali la kwanza ni hilo, hata hadithi iwe tamu namna gani.

Mama wa Majengo, Moshi

Mimi nilijichapia mwenyewe, kitabu cha mapishi ya kwetu, na sijutii. Mkichapa ofseti, fedha nyingi inaliwa na pleti (mabamba ya kuchapia) na kupanga mashine, kwa hiyo nakala 100 zinakuwa ghali mno kwa kila kimoja kuliko 1,000. Kwa idadi ndogo, chapa dijitali, haihitaji pleti. Ulizeni bei zote mbili.

Halafu kurasa. Ile karatasi kubwa ikikunjwa hutoa kurasa 16, basi kitabu cha kurasa 130 kinakula karatasi nyingine nzima kwa ajili ya kurasa mbili tu. Fundi ndiye aliyenishauri nipunguze hadi 128, Mungu ambariki.

Na kabla hujasema "chapa", dai kopi moja iliyokamilika. Yangu niliifungua katikati nikaikandamiza mezani kwa kiganja: gundi ikapasuka, kurasa zikabaki mkononi kama karata. Wakabadilisha gundi, na kazi yote ikatoka imara.

Kijana wa Sakina

Samahanini wakubwa, naogopa kupeleka muswada wasije wakaniibia. Nafanyaje? Na ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, inapatikana wapi?

Mwanzisha mada, Kijenge

Mdogo wangu, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi inalindwa tangu ulipoiandika, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, si sharti la kuwa na haki, ila kunakupa ushahidi mkigombana. Tuma muswada kwa barua pepe ili tarehe ibaki, na rasimu zako za zamani usizifute. ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania; unaweza kuomba wewe mwenyewe, usikubali kuuziwa kama muujiza.

Mzee wa Rau

Kuandika si shida, shida kuuza. Maduka yanapokea kwa mali kauli: unaacha vitabu, unalipwa vikiuzwa. Mimi niliacha nakala kwenye duka moja nikaambiwa "rudi mwezi ujao" mpaka duka likafungwa. Siku hizi kila nikiacha mzigo tunaandikiana hati: idadi, bei, tarehe ya kuhesabu, sahihi mbili. Vitabu vichache vichache, vikiisha naongeza. Kinachonilipa hasa ni mikusanyiko: baada ya ibada kwa ruhusa ya wazee, mahafali, vikao vya ukoo Desemba watu wakirudi nyumbani.

Mshairi wa Ngaramtoni

Nyie wa riwaya mna bahati, diwani, yaani kitabu cha mashairi, wachapishaji wanaiogopa. Njia yetu ni tuzo. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na TET. Washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, na ushairi ulikuwemo tangu mwanzo. Ipo na ile ya Safal, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo hupokea hata miswada ambayo haijachapwa. Someni masharti neno kwa neno. Wakisema kurasa zisizidi idadi fulani, zisizidi.

Mwanzisha mada, Kijenge

Asanteni sana. Yule kijana nimemsomea yote, ankara ameirudisha na muswada unakwenda kwa mhariri kwanza. Mwalimu wa Kibosho, naomba unitafute pembeni kuhusu huyo mhariri wako. Na kama kuna aliyetoa kitabu cha watoto chenye picha za rangi, atueleze mchoraji alimlipaje: kwa mkupuo, au waligawana mrabaha?