Mtoto wa miaka 5 anafanyiwa oparesheni ya ngiri, gemu za simu zinasaidia kumuandaa?

mamaZuhra_Makorora: Habari zenu wapendwa. Kijana wangu ana ngiri, oparesheni ni Alhamisi ijayo hapahapa Tanga. Dada mmoja kaniwekea kwenye simu gemu ya kumtibu dubu, unamvalisha gauni la hospitali, unampima joto, unamvutisha hewa analala, mtoto kaipenda balaa. Sasa jana kaniuliza "mama, dubu akilala ataamka?" nikashindwa kujibu. Mama yangu anasema nisimwambie kitu, nimdanganye tunaenda kwa shangazi. Nifanyeje?

binti_Chumbageni: Mwaya usimdanganye. Mimi wangu nilimwambia tunaenda Raskazone kuogelea, akabeba na taulo lake. Alipoona mask alilia mpaka sauti ikakauka, na baadaye mwezi mzima nikisema tutoke anashika mlango haendi. Mpaka leo taulo lile naliona roho inaniuma.

nesi_wa_watoto: Dada, gemu inasaidia. Kule Lyon, Ufaransa, walichukua watoto wa miaka 4 mpaka 10, wengine wakapewa midazolam ile dawa ya kutuliza, wengine tableti wacheze, dakika 20 kabla ya nusu kaputi. Hofu ikawa sawasawa tu, na wazazi wa wale wa tableti ndio walioridhika zaidi. Ila usimuachie simu ukaenda jikoni, kaa naye, maana maswali kama hilo la jana ndiyo dawa yenyewe. Mjibu: dubu anaamka na wewe utaamka, hutasikia wakikutibu, ukiamka patauma kidogo na utapewa dawa. Na muulize dokta kama utaruhusiwa kuingia naye, usimuahidi kabla. Asubuhi ile atakuwa na njaa, kawaida chakula ni mwisho masaa 6 kabla na maji matupu masaa 2, fuata watakavyokwambia wao, basi simu iwe na chaji na gemu iwe inafunguka bila bando. Za kupigana achana nazo, zinampandisha mori.

mamaZuhra_Makorora: Asanteni sana jamani. Nimemwambia ukweli wote jioni hii, kalia kidogo kanyamaza. Saa hizi kamlaza bibi yake kwenye mkeka kamwekea kikombe cha plastiki puani, "vuta bibi, utaamka". Na bibi mwenyewe kafumba macho anavuta. Jumatatu naenda kuuliza habari ya kuingia naye.