Darkest Dungeon ya kwanza au ya pili? Kompyuta yangu ni mtumba

Tabata_Relini: Wakuu habari za usiku. Mwezi huu nina hela ya gemu moja tu, nataka Darkest Dungeon, ile ya kuongoza kikosi cha mashujaa dhidi ya mazimwi, ila sijui nichukue ya kwanza ya 2016 au ya pili iliyotoka rasmi 2023, na kuna jamaa ananiambia niachane nazo zote nichukue Slay the Spire. Kompyuta nilinunua mtumba Kariakoo, haina kadi ya grafiki. Nacheza usiku nikishashuka kwenye daladala nimechoka hoi.

kivukoni_boy: Ya kwanza mkuu, wala usihangaike. Michoro yake ni bapa tu, itaenda hata kwenye hako kamashine, ya pili ni ya 3D utachemshia chai juu ya kibodi. Halafu utamu wake ni stresi, yaani shujaa halindwi damu (uhai) tu, kila mmoja ana kipimo cha stresi mpaka 200, kikigonga 100 akili inajaribiwa, wachache wanapata ujasiri lakini wengi wanavurugwa, huyu anatukana wenzake yule anakataa kutibiwa, kikifika 200 ni mshtuko wa moyo. Mimi wangu niliwapa majina ya ndugu. Shemeji akafia kule Cove, pango la baharini mle kwenye gemu, kwa yale majitu ya samaki, dada mpaka leo hajui kwa nini siku ile nilimpigia saa nane usiku kuuliza mumewe hajambo.

Binti_Sinza: Shemeji jamani 😂😂 Ila mimi napinga. Ile ya kwanza ni ajira sio gemu, unamlea mtu wiki kibao, unamlipia baa atulize mawazo, unamlipia matibabu, halafu anakufa kizembe. Damu ikifika sifuri anasimama kwenye mlango wa mauti, kwa kawaida kila kipigo kina asilimia 67 za kupona, unaona nyingi eeh, ngoja yakukute. Na inajisevu yenyewe, hakuna kurudi nyuma. Nilishawahi kuchomoa waya haraka haraka, kuwasha nikakuta maiti ni maiti ileile. Ya pili unapanda gari la farasi kuelekea mlimani, mkifa mnaanza safari upya na mishumaa uliyokusanya inakufungulia vitu. Kwa mtu anayerudi amechoka hiyo ndo yenyewe. Tena mle wanapendana na kununiana, ukiwa na wawili wasioongea utasema daladala ya Mbagala jioni.

fundi_gongolamboto: Slay the Spire ni kali sana ila ni karata, unapiga hesabu, hofu hamna. Na ipo kwenye simu, hela ya kompyuta usiimalizie huko.
Dada wa Sinza umesema kweli kuhusu uchovu, lakini hiyo mashine yake haitaibeba vizuri ile gemu ya pili, mjadala uishie hapo. Tabata, chukua ya kwanza uanze na Radiant, kiwango unachochagua mwanzoni, ni njia fupi kidogo, hautazeeka nayo. Mwanzoni usimpende mtu, wapya wanaletwa bure kila wiki, tuma hao wakachume hela. Chakula na mienge usibanie. Mwenge ukififia hazina zinaongezeka ila na kipigo kinaongezeka, tamaa hapo ndo imemaliza wengi. Na ukiona kimeumana kimbia, stresi utaipata lakini mtu mzima utarudi naye.

Binti_Sinza: Kwa mashine hiyo sawa nakubali. Ila aje hapa kulia baada ya wiki asiseme hakuambiwa.

Tabata_Relini: Haya nimeshalipia, inashuka, bando linakata roho. Swali la mwisho, kodi yangu inaisha tarehe 30, shujaa nitakayempa jina la mwenye nyumba nimpange nafasi ya ngapi kwenye mstari wa vita?

kivukoni_boy: Mbele kabisa. Mwenge zima.