Baba mdogo haachi simu akiwa kwenye usukani, nifanyeje?

Ndugu zangu, naomba ushauri. Niko Lubumbashi, ninafanya kazi na baba mdogo, tunaleta bidhaa kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wateja humpigia njia nzima, naye hupokea, husikiliza sauti za WhatsApp, mara nyingine hujibu kwa kuandika. Barabara mnaijua: malori ya shaba, vumbi, watu wanasukuma baiskeli zenye magunia ya makaa.

Gari letu usukani uko kulia, na Kongo tunaendesha upande wa kulia. Akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka atoke nusu gari. Mimi wa kushoto ndiye ninayemwambia "pita" au "ngoja". Sasa ongeza simu hapo!

Nilimpigia hesabu: kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukitazama simu sekunde 5, umepita mita 110 kama kipofu. Akacheka, akanunua vya masikioni. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hata ukitumia hivyo vya masikioni hatari haipungui sana, maana akili bado iko kwenye maongezi.

Tatizo ni heshima. Yeye ndiye aliyenilea, na gari ni lake. Nilijitolea kumpokelea simu, ila wateja wengine hawataki kupanga bei na "mtoto". Nimwambie mama mdogo, au ndiyo nitakuwa nimemshitaki? Waliowahi kumkabili mzazi wa hivi, mlianzia wapi?