Mosel: kwa nini zabibu zinapandwa ukutani?

Mgogo_Ughaibuni: Wadau, nimepita Cochem, Ujerumani, kwa treni. Mizabibu imening'inia mlimani juu ya mto Mosel! Kwetu Dodoma shamba ni tambarare. Hawa wana shida gani?

Mama_Trier: Mdogo wangu, ile ni Riesling, aina ya zabibu za mvinyo mweupe, hukawia kuiva, na huku baridi. Mteremko unaotazama kusini hupata jua la kutosha. Chini ni vigae vya mawe meusi: mchana vinanyonya joto, usiku vinalitoa. Nilichuma Oktoba moja. Kila hatua vigae vinaporomoka, ndoo nimeikumbatia kama mtoto. Magoti yaliniuma wiki nzima. Na hapo sijafika Calmont, kule Bremm, mteremko wa nyuzi kama 65.

Kipara: Trekta je, dada?

Mama_Trier: Ipite wapi? Kuna kigari cha reli moja kinapandisha watu na mizigo. Penye tambarare utakuta aina nyingine, Müller-Thurgau. Kule mto unakotokea kuna aina ya Elbling, kali kama ndimu. Mimi naipenda, mume wangu hataki hata kuinusa.

Mgogo_Ughaibuni: Wanavuna mara mbili kama sisi?

Mama_Trier: Thubutu! Mara moja tu.