Maprodyuza wa Dodoma, acheni kuiharibu ilimba kwa kinanda!

Wakuu, hili sasa limezidi. Kila wimbo wa roki wa hapa mjini unaochanganya pedi za kinanda (zile sauti nzito zinazovutwa kwa muda mrefu), gitaa la umeme na ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, unatoka na ugonjwa uleule: ilimba inasikika kama imepotea noti, halafu lawama anatupiwa mpigaji. Mpigaji hana kosa!

Skeli ya Kigogo inafuata harmoniki, yaani milio ya asili inayojipanga juu ya noti ya msingi, si kinanda. Harmoniki ya saba iko chini ya noti ya kinanda kwa senti 31 hivi (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu-toni), karibu theluthi ya nusu-toni. Ya tano iko chini kwa senti 14. Prodyuza anabandika pedi nzito, anaiacha inavuma sekunde nane, ilimba inaingia juu yake. Kwenye Hz 400 (mitetemo 400 kwa sekunde) mgongano wa ile harmoniki ya saba unapwita kama mara 7 kwa sekunde. Hapo badala ya kugusa kinanda, anaibana ilimba kwa Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti! Programu hiyo inafuata noti moja kwa wakati, na ilimba inaacha vyuma vinne vitano vikilia pamoja. Matokeo yake ni mlio wa mtu anayesukutua maji kooni.

Rekodi ilimba kwanza. Chukua noti yake ya msingi, shusha au pandisha kinanda kizima hadi kilingane nayo, kisha ingia kwenye jedwali la tyuning la kinanda ushushe noti ya ile harmoniki ya saba senti 31 na ya harmoniki ya tano senti 14. Gitaa lipige msingi na kwinti (noti ya tano ya skeli, si harmoniki ya tano) tu, maana kwinti inapishana senti 2, sikio haligundui. Ukiitaka ile harmoniki ya saba, telezesha chuma juu ya nyuzi, usibonyeze freti. Kazi ya nusu saa hiyo, jamani!

Sikilizeni albamu ya Assembly ya mwaka 2002, ya mwanamuziki wetu wa Kigogo Hukwe Zawose na mpiga gitaa Michael Brook. Gitaa na elektroniki zipo, na mzee Zawose anasikika.

Kinachoniuma zaidi ni mkwaruzo. Tundu la ilimba linazibwa kwa utando wa buibui makusudi, ili kila noti ivume na kukwaruza. Maprodyuza wanaupitishia mkwaruzo huo programu ya kufuta kelele! Inabaki milio mikavu kama kengele ya baiskeli.

Muheme, ngoma za wanawake wa Kigogo, nazo zinaburutwa hadi kwenye gridi, ile mistari ya mapigo sawasawa ya kompyuta, ule mwendo wa akina mama unakufa. Kata pedi chini ya Hz 150, ngoma itapumua yenyewe. Na rekodi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ikifunguliwa kama ya 44,100, wimbo unashuka nusu-toni moja na nusu na kuzubaa. Angalieni kabla ya kumwambia mzee wa watu kwamba zeze lake limelegea.

Wanabendi, msitoke studio bila faili mbichi za WAV, kila ala na yake, kabla hazijaguswa. Ukiambiwa zimefutwa, usimalizie malipo.