Kuteremka kunanishinda: nijiandaeje kwa mzunguko wa milimani katika msitu wa Nyungwe?

Mkimbiaji wa Nguba ameuliza:

Ndugu zangu wapenda mbio, jambo kwenu. Mimi ni mkazi wa Bukavu, ninakimbia mara nne kwa wiki katika barabara za Nguba na Muhumba, na kilomita 18 za lami hazinitishi tena. Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, mimi na rafiki zangu wawili tunakusudia kuvuka mpaka wa Rusizi kwenda katika Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, nchini Rwanda, ili tuunganishe njia kadhaa zinazoanzia Uwinka hadi zitimize mzunguko wa kilomita 20 hivi, tukikimbia pale panapokimbilika.

Wasiwasi wangu unatokana na siku niliyopanda Kahuzi, miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na walinzi wa mbuga. Mlima ule una mita 3,308, na nilifika kileleni bila taabu kubwa. Tulipoanza kurudi, katika ukanda wa mianzi, mapaja yalianza kutetemeka, nikawa ninashika mwanzi baada ya mwanzi kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kwa siku tatu zilizofuata sikuweza kuketi bila kuegemea meza. Nimebakiwa na wiki kumi. Nifanye nini ili miguu yangu isinisaliti tena, na muda wa safari kama hiyo hukadiriwa vipi?

Mzee wa Ciriri amejibu:

Mdogo wangu, umeuliza swali ambalo wakimbiaji wengi wa lami hulikwepa, kwa maana wote hufikiri kwamba mlima ni kupanda. Nimeenda Nyungwe mara nne. Jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba Uwinka iko juu ya mgongo wa mlima, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, ambapo maji ya upande mmoja huelekea mto Kongo na ya upande wa pili huelekea Nile. Njia nyingi zinazoanzia pale huteremka kwanza bondeni kisha hukurudisha juu mwishoni. Kwa hiyo mpangilio ni kinyume cha ule wa Kahuzi: utateremka ukiwa na nguvu zote na hamu ya kukimbia, utayachosha mapaja katika saa ya kwanza, halafu deni utalilipa kwenye mpando wa mwisho, jua likiwa juu na chupa ikiwa tupu. Mara yangu ya kwanza nilikimbia mteremko ule kana kwamba ninafukuzwa, na kilomita mbili za mwisho nilizipanda nikiwa nimeweka mikono juu ya magoti.

Kuhusu mazoezi, huna haja ya kusafiri. Mara moja kwa wiki panda kutoka Kadutu hadi huku kwetu Ciriri ukitembea kwa haraka, kisha ushuke ukikimbia kwa hatua fupi na za haraka, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, macho yakitazama hatua nne au tano mbele na wala si kwenye vidole vya miguu. Anza na mteremko mmoja, ongeza mmoja kila wiki mbili, na usizidi mitano. Siku ya mvua usibaki nyumbani, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa utakufundisha utelezi wa msituni kuliko maelezo yangu yote. Kule msituni mizizi ndiyo adui: mzizi uliochubuka gome ukilowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo kanyaga udongo ulio kati ya mizizi, hata kama itakubidi ufupishe hatua.

Viatu je? Ukinunua vya mitumba, geuza soli na ubonyeze meno yake kwa ukucha. Mpira mzuri unabonyea kidogo na kurudi. Ukiwa mgumu kama kwato, viache hapo hapo hata kama muuzaji anakupunguzia bei, kwani mpira uliokauka haushiki jiwe lenye maji. Kata kucha siku tatu kabla ya safari, na ukaze kamba vizuri kwenye kifundo ili kidole gumba kisigonge mbele unaposhuka.

Muuguzi wa Panzi amejibu:

Ninamuunga mkono Mzee wetu, na ningependa kueleza kwa nini mazoezi hayo yanafaa. Unapopanda, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ukijifupisha. Unaposhuka, msuli huo huo hufanya kazi ya kuuzuia mwili usianguke huku ukivutwa na kurefushwa, na ndipo nyuzi zake ndogo zinapoumia. Maumivu huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kama ulivyoona baada ya Kahuzi. Habari njema ni kwamba msuli ulioonja mteremko mara moja hupata kinga ya wiki kadhaa, hata kama mteremko wenyewe haukuwa mkali sana. Basi fanya mteremko wako wa mwisho wenye uzito siku kumi hadi kumi na nne kabla ya safari, kisha uipumzishe miguu.

Kuhusu muda, kuna kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, ambayo bado inasaidia: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 20 zenye mita 1,000 za kupanda ni saa tano na dakika arobaini kwa mtembeaji mzima asiyepumzika. Nyinyi mtakimbia sehemu fulani, lakini matope na mapumziko yatawarudishia dakika hizo, kwa hiyo pangeni safari yenu kwa hesabu hiyo hiyo. Maji myanywe kwa kufuata kiu, na mle chakula chenye chumvi. Kujilazimisha kunywa maji matupu lita baada ya lita kunaweza kushusha chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari.

Mtoto wa Miti amejibu:

Nimekulia kandokando ya Kahuzi-Biega, na baadhi ya jamaa zangu walifanya kazi ya kufuata nyayo za sokwe. Naomba niseme jambo ambalo halijasemwa. Nyungwe haiingiwi bila mwongozaji wala bila kibali, na mwongozaji huyo huenda hana mazoea ya kukimbia. Waandikieni watu wa hifadhi mapema, waelezeni waziwazi kwamba mnataka kwenda kwa mwendo wa kasi, na wakikataa mkubali kutembea. Msitu ule una sokwe mtu na jamii nyingine za nyani na kima, kumi na tatu kwa jumla, na mtu anayetokea ghafla kwenye kona akikimbia huwatawanya wanyama na huweza kumtisha mama mwenye mtoto. Punguzeni mwendo kila njia inapojificha, na mwongozaji akiinua mkono simameni papo hapo.

Nasikia wengine wakiuliza kwa nini wasikimbie Kahuzi, ambako ni karibu zaidi na ni kwetu. Mbuga hiyo iliundwa mwaka 1970 kwa juhudi za Adrien Deschryver, na mwaka 1980 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia, lakini tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini, na wanaume wenye bunduki wamo msituni. Inaniuma kuandika hivi, maana harufu ya mianzi ile asubuhi ninaifahamu kuliko harufu ya nyumba yangu. Hata hivyo, kwa sasa simshauri mtu yeyote aingie kule kwa ajili ya mbio.

Mkimbiaji wa Nguba amejibu:

Aksanteni sana, wazee wangu na ndugu zangu. Kesho nitawaandikia watu wa hifadhi, na Jumamosi nitaanza na mteremko mmoja wa Ciriri. Mzee, nina swali moja tu lililobaki: nibebe fimbo?

Mzee wa Ciriri amejibu:

Beba moja, ya mwanzi mkavu, inayofika kwenye kiwiko chako unaposimama wima. Wakati wa kushuka itangulize kabla ya mguu, na kwenye ule mpando wa mwisho wa kurudi Uwinka utaiegemea kwa mikono yote miwili. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Kadutu, tupande pamoja.