Chumba cha ofa au cha kughairi bure? Tunakuja Tanga kula Idi

Mama Nasra: Wanajamvi, swaumu inasemaje? Tunatoka Dar kuja Tanga kula Idi, tunataka chumba Raskazone. Hoteli ile ile, chumba kile kile, mtandaoni kina bei mbili: 95,000 kwa usiku, ukishalipa hairudi, au 120,000, unaghairi bure mpaka saa 48 kabla ya kuingia. Baba Nasra anasema ofa ni ofa. Nyie mngechukua ipi?

Mzee wa Mahesabu: Ofa inakuokolea 25,000, safari ikivunjika inakumeza 95,000. Chukua safari kumi za namna hii, usiku mmoja mmoja. Kwa ofa umelipa 950,000, uende usiende. Kwa ile nyingine, ukivunja mbili unalipa 960,000. Ukivunja tatu, 840,000. Kwa hiyo jiulize nyie huvunja safari mara ngapi. Wenye watoto wadogo na bosi wa kupiga simu usiku, ningesema lipa 120,000.

Mwana Chumbageni: Hesabu safi shehe, ila umesahau mwezi. Idi haina tarehe mpaka mwezi uandame, na Mufti anatangaza usiku wa kuamkia. Kama unaingia hotelini kesho yake saa nane mchana, hizo saa 48 zilishapita zamani. Dada, hiyo 25,000 ya juu kwa Idi haikununulii kitu.

Mama Nasra: Lo! Hilo hatukuliwaza kabisa.

Kiguu na Njia: Mimi huja huko kikazi, tarehe haisogei na ofisi ndiyo inayolipa. Ofa nachukua macho yamefumba.

Mtu wa Mapokezi: Nafanya kazi hotelini, si Raskazone. Kughairi na kuhamisha tarehe ni vitu viwili. Bei ya ofa haturudishi hela, lakini mgeni aliyelipa kwetu akipiga simu mapema na chumba kikiwepo, tunamsogezea siku. Aliyelipa kwa wakala wa mtandaoni, hela iko kwa wakala, sisi mikono imefungwa. Mama Nasra, piga hotelini moja kwa moja, omba wakupe bei ya ofa, lipa kwa lipa namba, na ruhusa ya kuhamisha tarehe waiandike kwenye meseji. Ya mdomo usiikubali, zamu zinabadilika.

Mzee wa Mahesabu: Na uliza kama chai ya asubuhi imo. Ofa nyingine bei imeshuka kwa sababu chai imeondolewa. Familia nzima mkinunua nje, faida yote imekwisha.

Mama Nasra: Nimepiga. Wamekubali 100,000 na chai, kusogeza ruksa siku moja tu, mbele, si nyuma.

Mwana Chumbageni: Basi weka ile tarehe ya mapema, ya kufunga 29. Mwezi usipoonekana, unasogea mbele. Ila waulize kama simu yao inapokelewa saa nne usiku.